Alivyochorwa Josaphat

Mchwa ndio walioanza. Mwezi wa saba wa mwaka 2004 waliingia darini kwa Madame Estrea, wakavuta njia zao za udongo ukutani kutoka nyuma ya kabati mpaka juu, na asubuhi moja Musoki alipokuwa akichambua maharagwe akaona vumbi jekundu likidondoka mezani. Madame mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amepelekwa hospitali kwa ajili ya macho yake, ambayo tangu mwaka uliopita yalikuwa yakifunikwa na utando mweupe. Musoki akapanda juu ya meza, akasukuma ubao wa dari, akapapasa gizani. Akakuta furushi la karatasi limefungwa kwa kamba ya gunia. Pembe zake zilikuwa zimeanza kuliwa. Akaona heri azishushe kabla hazijaisha, azitandaze sebuleni zipigwe na hewa.

Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile miaka tisa, kupika na kufua, na karatasi za Madame hazikuwa kitu kigeni kwake. Zilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya viti, ndani ya masanduku ya duka la zamani. Lakini furushi hili hakuwahi kuliona.

Madame Estrea hakuwa Mbelgiji, ingawa watu wengi wa Bunia walidhani hivyo. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Rodo, kisiwa cha mbali katika bahari ya Wagiriki. Mwaka 1944, yeye akiwa na miaka kumi na saba, Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wote wa kisiwa hicho, wakawapakia katika mashua za mizigo, halafu katika mabehewa ya ng'ombe, mpaka kambini Poland. Baba yake na mama yake waliuawa siku ileile waliyofika. Mdogo wake, Luna, alifia humo wakati wa baridi. Estrea alitoka akiwa mifupa mitupu, na namba ya wino kwenye mkono wa kushoto. Mjomba wake alikuwa na duka la vitambaa huku Bunia. Akamwita, naye akaja mwaka 1947. Akauza vitambaa, akamzika mjomba, duka likachukuliwa wakati wa Mobutu, akabaki na nyumba ndogo iliyotazamana na depo, ghala la kahawa lililokufa. Hakuolewa. Kazi yake ilikuwa kuchora.

Alichora kwa makaa, makaa haya haya ya jikoni, na vidole vyake havikuwahi kutakata. Alichora watu tu. Hakuchora mlima wala nyumba wala ua. Na watu wake walikuwa wabaya kutazama: shingo ndefu, mikono kama mizizi iliyong'olewa, vinywa wazi, na mahali pa macho weusi mtupu. Watoto wa mtaa walikimbia wakipita dirishani. Wakati fulani mwalimu Antoine, mkurugenzi wa shule, alimwomba amchore ili picha itundikwe ofisini. Madame akamchora kama koti lililoning'inia na viatu viwili chini yake. Mwalimu alikasirika, akaondoka bila kuaga. Lakini mke wake, aliyekuja baadaye kuomba radhi, alisimama mlangoni, akaona mchoro ule ng'ambo ya chumba, akacheka mpaka akakaa chini. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa, Yesu wangu."

Hivyo ndivyo Madame alivyochora. Sura hukuiona, lakini mtu ulimjua.

Karatasi za furushi lile zilikuwa karatasi za kaki za kufungia vitambaa, na Musoki alipozitandaza ya kwanza na ya pili akaelewa mara moja zilichorwa lini. Mwezi wa tano wa 2003, wanajeshi wa Uganda walipoondoka na wanamgambo wakaingia mjini, watu maelfu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Musoki alikuja kumchukua Madame. Madame alikataa. "Mi nilikwisha kwenda pamoja na wengine mara moja," alisema. "Sitaenda tena." Akapanda darini na dumu la maji na biskuti, akalala juu ya mbao siku sita, akitazama nje kupitia tundu la hewa. Sasa Musoki alijua alikuwa akifanya nini huko juu.

Alizitandaza moja moja. Mwanamke amebeba godoro, na godoro lina miguu. Watu watano wanakimbia, wameshikamana kama mnyama mmoja. Mzee amekaa katikati ya barabara. Mbwa. Musoki hakutaka kutazama sana, akawa anapanga tu, akiweka kijiko hapa na kikombe pale zisipeperuke. Karatasi ya kumi na saba au kumi na nane ilimsimamisha.

Ulikuwa ukuta wa depo la kahawa, aliujua kwa lile dirisha moja. Mbele ya ukuta watu watatu walikuwa wakimvuta wa nne chini. Yule wa nne alikuwa na mguu mmoja mfupi, na mguu ule ulikuwa juu hewani, na mwisho wake kiatu kikubwa, chenye soli nene kama tofali. Wawili kati ya wavutaji walikuwa migongo tu. Wa tatu alishika ukosi wa yule mtu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili alikuwa na panga. Hakuwa na uso. Lakini bega lake la kushoto lilikuwa limepanda karibu na sikio, na kichwa kimelalia kulekule, kama mtu aliyeulizwa swali akakosa jibu.

Musoki akakaa sakafuni.

Josaphat, mdogo wake, alianguka kutoka juu ya lori la viazi kwenye njia ya Butembo akiwa na miaka tisa. Mfupa ulijiunga vibaya, na tangu siku hiyo bega la kushoto halikushuka tena. Mama yao alikuwa ameshakufa. Musoki ndiye aliyemfunga kitambaa, ndiye aliyemlisha kwa kijiko, ndiye aliyekuja naye Bunia alipoolewa, na mume alipomwacha akabaki na Josaphat peke yake. Angemjua kwa mgongo, angemjua kwa kivuli. Na kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili alikuwa akimlilia kama marehemu.

Na mwenye kiatu alikuwa Vital. Hakuna mwingine Bunia nzima. Vital fundi cherehani, mume wa Adeline, alizaliwa na mguu mfupi, akajikatia soli ya matairi mwenyewe. Siku zile wanamgambo walikuwa wakiwauliza watu kabila barabarani, na Vital hakuwa na jibu walilolitaka, wala mguu wa kukimbilia. Yeye na Josaphat walipotea siku moja. Musoki na Adeline, waliokuwa majirani tu wa kusalimiana, walirudi kutoka uwanja wa ndege wakakuta nyumba tupu zote mbili, wakawa ndugu. Walizunguka pamoja hospitali zote. Maiti zilipokosekana, mchungaji aliwaombea wote wawili ibada moja, picha mbili kwenye meza moja. Adeline alikuwa akipika mikate ya mafuta na kuuza kando ya barabara, na kila asubuhi alimwekea Musoki mitatu ndani ya karatasi. Hata asubuhi hiyo alikuwa amemwekea.

Madame Estrea aliporudi, saa sita mchana, jicho moja limefungwa bandeji, alimkuta Musoki palepale sakafuni. Hakuhitaji kuona vizuri. Alijua karatasi ngapi zilikuwa chini na ipi ilikuwa mkononi.

"Ulipanda huko juu," alisema.

"Mchwa walikuwa wanakula." Musoki hakuinua kichwa. "Madame. Huyu ni nani?"

Madame alikalia kiti, akaweka fimbo magotini. "Weye unajua ni nani."

"Nataka weye useme."

"Ni Josaphat."

"Tangu siku ile ulijua."

"Tangu siku ile."

"Niliomba hapa, mu nyumba yako. Nililala chini hapa, nikalia, ukaniletea maji. Kumbe unajua hakukufa."

"Sikujua kama hakukufa. Nilijua tu aliondoka pale na miguu yake."

Madame akaanza kusema polepole, kwa Kiswahili chake cha Bunia cha miaka hamsini na saba, akitazama upande wa dirisha asiloliona.

"Mule kambini mutu aliyempiga Luna mpaka akafa hakuwa Mujerumani. Alikuwa binti ya barabara yetu. Myahudi kama siye. Walimpatia fimbo na supu zaidi kidogo, akasimamia wengine. Na yeye alikufa baadaye. Vita ilipoisha, kaka yake alinikuta Roma. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hakubakiza mutu hata mmoja. Aliniuliza: dada yangu alikufa namna gani? Alikuwa muzuri? Mi nilimwambia kweli. Yote. Nilikuwa na hasira, nilisikia raha kumwambia. Kesho yake walimtoa mu mto."

"Ukaogopa mi nitajitupa mu mto."

"Ndiyo. Nilikuona unamlilia, nikasema acha amlilie."

"Na Adeline?"

Nje mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye mnyororo mkavu, na mlio ule ulipita dirishani mpaka ukaisha.

Musoki alikunja ile karatasi moja, akaifunga ndani ya kitenge chake. Zilizobaki aliziacha zilivyotandazwa. Kwa siku nne hakufika kazini, na hakupita mbele ya meza ya Adeline. Adeline alituma watu kuuliza kama anaumwa.

Siku ya tano alikwenda mahali malori yanapopakia na kuanza kuuliza. Hakutaja jina. Aliuliza tu kama kuna aliyemwona mtu mwenye bega la namna hii, akaonyesha kwa bega lake mwenyewe. Dereva mmoja, Sébastien, aliyekuwa akipeleka unga na samaki wa chumvi kwenye machimbo ya dhahabu, alicheka. "Epaule? Ile tunaita Bega? Iko Kilo. Anachimba kule. Mutu wa kunyamaza sana." Musoki alisema ni deni la familia, anataka kumwona. Sébastien akamwambia apande.

Njia ilikuwa na vizuizi saba, kila kimoja na vijana wake wa bunduki, na kila kundi lilisema vita imeisha. Walifika Kilo kesho yake saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha, na machimbo yalikuwa kilima kilichokwanguliwa chote, udongo wa rangi ya njano ukitiririka mpaka mtoni. Watu mamia walikuwa wameinama ndani ya maji. Musoki alisimama juu akawatazama, na hakuhitaji kuuliza mtu. Bega lile lilikuwa la pili kutoka mwisho, likitikisa karai.

Alishuka. Josaphat aliinua kichwa, akamwona, na karai likamtoka mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akaonekana arobaini.

"Yaya," alisema, kama alivyomwita dada yake tangu utotoni.

"Tulikufanyia ibada," Musoki akasema. "Mchungaji alisoma jina lako."

Walikwenda kando, penye rundo la mawe. Josaphat alikuwa anatetemeka, pengine kwa sababu ya maji. Alisema kwamba alitaka kutuma habari mara nyingi. Alisema simu hakuna. Alisema njia mbaya. Musoki alifungua kitenge, akatoa karatasi, akaikunjua juu ya magoti yake. Josaphat aliitazama muda mrefu sana.

"Nani alifanya hii?"

"Madame. Alikuwa mu plafo, juu ya dari."

"Kule juu." Aligusa lile bega la makaa kwa kidole, likaacha weusi kwenye ngozi yake, akakipangusa kidole kwenye suruali, mara mbili, mara tatu. "Walinikamata ku rond-point, pale njia zinakutana, Yaya. Walisema weye ndiyo kijana ya hapa, utatuonyesha nyumba. Walinipa panga. Walisema ama weye, ama yeye."

"Vital alikushonea suruali ya Noeli."

"Najua."

"Hakukulipisha."

"Yaya, najua!" Wachimbaji wawili waligeuka, halafu wakaendelea na kazi. Josaphat akashusha sauti. "Alinijua. Aliniita jina. Alisema, Josaphat, waambie hawa. Sikusema kitu. Na baada ya pale wale wawili walisimama pembeni wakaniangalia. Hawakunishika mkono. Nataka ujue hivi kweli. Hakuna aliyenishika mkono."

Musoki alisikia maji, na mawe yakisuguana ndani ya makarai. Alikuwa amekuja amejiandaa kusikia kwamba alilazimishwa, na angeliamini hilo, na angelibeba mpaka nyumbani.

"Vital iko wapi?"

"Mu shimo ya choo, nyuma ya depo. Ile ambayo haikuisha kujengwa. Tulitupa matofali juu."

"Ulibaki nao muda gani?"

"Mpaka tulipofika Fataki. Kisha nikakimbia." Aliikunja karatasi, akamrudishia, akaushika mkono wake pamoja nayo. "Choma hii. Nakuomba. Hakuna mwingine aliyeona. Yule Madame iko muzee, atakufa. Choma, mi nitabaki huku, na weye utasema nilikufa. Si ulikwisha kunililia?"

Musoki alimtazama uso, akitafuta yule mtoto wa kitambaa na kijiko, na jambo baya kuliko yote ni kwamba alikuwapo, hakuwa amekwenda popote. Alivua sweta yake akamvalisha. Hakusema atachoma, hakusema hatachoma. Akapanda kilima bila kugeuka, kwa sababu alijua akigeuka atakaa.

Aliporudi Bunia hakupita hata nyumbani. Adeline alikuwa nyuma ya nyumba yake akikanda unga, binti yake Bijou akiwa shuleni. Alifurahi kumwona. Alisema, "Ma Musoki, umekonda, kaa." Musoki alisema hatakaa. Akasimama na kusema yote, kuanzia mchwa mpaka shimo, haraka, bila kuacha kitu, na Adeline mikono yake ikabaki ndani ya unga mpaka mwisho.

"Rudia jina," Adeline akasema.

"Josaphat. Ndugu yangu."

Adeline alitoa mikono, akaisugua mmoja kwa mwingine, unga ukadondoka kama ngozi. Alipita mbele ya Musoki akaingia ndani, akafunga mlango. Musoki alisubiri hapo uani karibu saa nzima. Ndani hakukuwa na kilio. Mlango ulipofunguka Adeline alikuwa amevaa kitenge cha msiba na alikuwa na jembe mkononi.

Walichimba wanaume sita wa kanisa, na mchungaji. Matofali yalikuwa mengi. Kiatu kilitoka kwanza, soli yake ya tairi nzima kabisa, kama imekatwa jana. Adeline alikiomba akakishika kifuani, udongo na vyote, mpaka walipomaliza kazi yao. Vital alizikwa siku iliyofuata, ndani ya sanduku, na jina lake juu. Musoki alihudhuria akiwa amesimama mbali, nje ya uzio wa makaburi. Watu walikuwa wameshajua. Walipotoka walipita upande wa pili wa njia.

Wiki moja baadaye Adeline alikwenda kwa Madame Estrea. Musoki alikuwa jikoni. Alikuwa amerudi kazini kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Aliwasikia wote wawili.

"Ulinunua mikate yangu," Adeline alisema. "Kila siku ya kwanza ya juma. Ulikuwa unaniona nashika foto ya bwana yangu, nauliza watu. Shimo iko mbele ya dirisha yako."

"Ndiyo."

"Mwaka nzima."

"Mwaka na miezi miwili."

"Wanasema na weye walikuulia watu wako. Wanasema hukuona kaburi yao hata leo. Ni kweli?"

"Hawana kaburi. Walichomwa."

"Basi weye ulijua hii maumivu. Siyo kama mutu asiyejua." Sauti ya Adeline haikupanda. "Ulimfikiri Musoki asilie vibaya. Mi, ulinifikiri namna gani?"

Musoki alikuwa ameshika kisu na kitunguu na hakukata.

"Sikukufikiri," Madame alisema. "Nilifikiri Musoki, kwa sababu anakaa mu nyumba yangu. Weye sikukufikiri hata siku moja. Nisamehe."

"Hapana," Adeline alisema. "Si leo." Akaomba ule mchoro, akapewa na Musoki, akaondoka nao.

Aliupeleka kwa majistra, ofisa wa mashitaka wa serikali. Wakati huo sheria ilikuwa imeanza kurudi mjini, na ofisi moja ilikuwa ikipokea mashitaka ya mwaka uliopita. Mwezi wa tisa waliitwa wote watatu. Majistra alikuwa mtu wa Kinshasa, mpole, mwenye miwani, anayetafuta maneno yake ya Kiswahili. Aliweka mchoro mezani, akaugeuza huku na huku.

Alimwuliza Madame Estrea kwanza. Una miaka mingapi? Sabini na saba. Na macho? Yote mawili yalikuwa na utando, moja limepasuliwa. Ulikuwa darini, nyuma ya tundu la hewa, umbali wa mita arobaini? Ndiyo. Kwa nini hukuwachora uso? Madame alisema ndivyo anavyochora.

"Madame, nakuheshimu," majistra alisema. "Lakini hii haiko foto. Hapa hakuna hata jicho moja. Mutu yeyote anaweza kuwa hapa. Wakili yeyote atacheka." Akamgeukia Adeline. "Bwana yako tunamjua kwa kiatu. Lakini huyu mwenye panga, mi siwezi kutuma askari wakamate bega."

Adeline alikuwa amenyooka kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja. Hakumtazama Musoki. Toka siku ya unga hakuwa amemtazama tena. Alitazama ukuta, pale palipokuwa na kalenda.

"Na weye, mama?" majistra akamwuliza Musoki. "Weye ni nani mu habari hii?"

Musoki alijua kwamba ilikuwa rahisi. Angesema tu yeye ni mpishi wa Madame. Karatasi ingerudi kwenye jalada, na Josaphat angeendelea kutikisa karai mpaka mapafu yamwishe. Ukoo wake Butembo ulikuwa umeshamtumia ujumbe: mtoto wa mama yako ni mmoja tu. Hata mchungaji alikuwa amemwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna dhambi ya kunyamaza.

"Huyu ni ndugu yangu," alisema. "Mi ndiyo nilimfunga hii bega ilipovunjika. Nilikwenda Kilo, nikamuuliza, akakubali na kinywa chake. Alisema hakuna mutu alimshika mkono."

"Unajua unasema nini, mama?"

"Najua."

Majistra alivua miwani. Akamwomba karani achukue karatasi mpya. Karani akauliza jina kamili, na Musoki akalitaja, jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa, mwaka. Karani hakusikia vizuri jina la mama. Musoki akalirudia herufi kwa herufi. Kisha akaweka kidole kwenye wino.

Josaphat hakukutwa Kilo. Alikamatwa mwezi wa kumi na mbili pale Komanda, ndani ya lori lililokuwa linaelekea Beni, askari aliyekuwa akikagua abiria alipomwambia asimame wima naye akashindwa. Alikuwa bado amevaa ile sweta. Mahakamani alikubali yote. Walimpa miaka kumi na minane. Wale wawili wa migongo hawakujulikana kamwe.

Adeline alihamisha meza yake ya mikate upande mwingine wa mji. Siku ya hukumu alipita karibu na Musoki mlangoni, akasimama, akasema, "Ulisema kweli. Lakini usinisalimie," akaenda. Musoki alitii. Butembo hawakumwandikia tena. Shangazi yake mmoja alipokufa, habari ilimfikia baada ya miezi mitatu, kupitia kwa mgeni.

Madame Estrea aliishi mpaka mwezi wa tatu wa 2006. Mwisho alikuwa kipofu kabisa na aliendelea kuchora, mstari juu ya mstari, mpaka karatasi ikawa nyeusi yote. Musoki hakumsamehe kwa maneno, lakini hakumwacha. Alipokufa alimwosha mwenyewe, peke yake, kwa sababu Bunia hakukuwa na mtu mwingine wa dini yake, na hakujua sala zao. Alipofika kwenye ule mkono wa kushoto aliuosha kama alivyouosha ule wa kulia.

Gerezani hawakuwapa wafungwa chakula cha kutosha. Asiyekuwa na ndugu alikufa. Musoki alikwenda kila Jumapili na maharagwe na bugali, akakabidhi mlangoni, na Josaphat hakutoka kumwona. Ilikuwa hivyo karibu mwaka. Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja wa 2005 askari alimwambia asubiri. Josaphat akatoka. Alikuwa ananuka, na ngozi ya mikono yake ilikuwa na upele mpaka viwikoni. Walikaa kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Filimbi ya kumaliza muda ilipolia, Josaphat akasimama.

"Juma kesho," akasema, "ulete sabuni."

"Ya kufua ama ya kuoga?"

"Yoyote."